Mshono Uliolala Kushoto

Ukimuuliza Mama Usukani anafanya kazi gani, hatakujibu, atanyoosha kidole ukutani. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye dirisha kubwa, meza nzito yenye jiliwa la kubania kazi, na mlango ambao haujawahi kufungika vizuri tangu enzi za baba yake. Ukutani zimetundikwa sukani kumi na nne za magari ya michezo ya zamani, yale mafupi ya milango miwili ambayo ukiyaingia unakaa karibu na lami. Kila usukani una msumari wake na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Asiyejua huuliza vyuma chakavu hivi vinapelekwa wapi. Anayejua huingia mikono ikiwa mgongoni, asije akagusa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ndiyo maana wengi wameijaribu wakaingia mkenge. Unavua ngozi iliyochakaa. Unaukagua mduara wa mbao uliomo ndani, unaziba nyufa, unapiga msasa mpaka kidole kisikwame popote. Halafu unakata ngozi mpya, fupi kuliko mzunguko kwa upana wa vidole viwili, unailowesha kwa maji ya uvuguvugu na kuivuta mpaka ifike. Ukiikata sawasawa na mzunguko, italegea kwa jua la kwanza, na usukani utakuwa na mikunjo kama soksi ya mzee. Baada ya hapo ndipo mshono unaanza: sindano mbili, uzi mmoja uliopakwa nta, matundu yaliyotobolewa kwa msharasi, na mgongo usiolalamika.

Mishono hiyo haisimami wima. Huinama upande mmoja, yote pamoja. Fundi wa mkono wa kulia, mishono yake hulala kulia. Mashoto, yake hulala kushoto. Dereva hawezi kuiona tofauti hata umvishe miwani miwili. Wenye kazi yao huiona kabla hawajakusalimia.

Mama Usukani ana miaka hamsini na sita, na mishono yake hulala kulia. Imenyooka kiasi kwamba watu wanaoishi kwa kutafuta kasoro hurudi kwao mikono mitupu. Anajua kwamba yeye ni hodari, na hana muda wa kujifanya hajui. Ukimsifu atakuambia, "Naona macho yako ni mazima," kisha ataendelea na kazi. Ila ukimwangalia vizuri akimfukuza nzi, utaona kofi linatoka kushoto. Mumewe, kinyozi ambaye kichwani kwake hakuna hata unywele mmoja wa kunyoa, humwita Shoto. Ndiye pekee mwenye ruhusa hiyo.

Jumatatu moja asubuhi alikuja Daktari wa meno. Amestaafu siku nyingi, lakini bado anazungumza kwa upole uleule, kana kwamba mbele yake kuna mtu aliyeachama. Alikuwa amebeba usukani uliofungwa kwa taulo.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, daktari. Karibu ndani. Huyo mgonjwa ana nini?"

"Ameonewa," alisema Daktari, akaketi.

Akaeleza. Gari lilikuwa la mjomba wake, dereva wa mashindano zamani hizo, na yeye Daktari alirithi gari pamoja na mzigo wa kuzilinda sifa za mjomba. Chama cha magari ya kale kina daftari kuu. Gari likiandikwa humo, limekubaliwa kuwa ni lilelile la mwanzo, si la kuungaunga. Mkaguzi wa chama alikuja, akalala chini ya gari akiwa na suti, akapitisha kila kitu mpaka vioo vya taa. Alipofika kwenye usukani akakwama.

"Kitabu cha gari kinasema usukani ulivishwa ngozi na Mzee Ngozi, yaani baba yako," alisema Daktari. "Mkaguzi anasema huu si wake. Eti mshono umelala kushoto, na Mzee Ngozi hajawahi kushona hivyo tangu azaliwe. Anasema mjomba aliuza ule wa kweli kisirisiri, akaweka wa fundi wa vichochoroni."

"Na mjomba alikuwa mtu wa namna hiyo?"

"Mjomba, Mungu amrehemu, hakuwahi kubadilisha hata tabia, sembuse usukani! Mpaka anakufa alikuwa akisema usukani huu unamkaa mkononi kuliko yote aliyowahi kushika. Sasa wanamwita mwongo kaburini." Sauti yake ya upole ilipasuka kidogo. "Mkaguzi atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Amesema wewe ukiushona upya kwa mtindo wa baba yako, mshono ulale kulia, ataupitisha kuwa umerekebishwa. Sifa za mjomba zitabaki na doa, lakini gari litaingia. Nifanyeje, mama? Nisaidie."

Mama Usukani alikuwa ameshafungua taulo. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kila mahali, lakini uzi ulikuwa bado umeshika, na mishono ilikuwa imelala kushoto, kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Daktari akamwona anabadilika rangi, akadhani ni ubaya wa ngozi.

"Niachie," alisema, akaurudisha kwenye taulo.

Daktari alipoondoka, aliupeleka usukani dirishani. Usukani wa aina hii una mikono mitatu ya chuma inayounganisha mduara na kitovu chake, miwili ubavuni na mmoja chini. Aliugeuza, akaitazama sehemu iliyo nyuma ya mkono wa chini, mahali ambapo jicho la dereva halifiki. Palikuwa na tundu moja lisilo na uzi. Tundu la ziada.

Akavuta kiti, akakaa.

Miaka arobaini na mmoja nyuma, katika chumba hikihiki, Mzee Ngozi alibanwa na ngiri. Alibebwa kwenda hospitali amejikunja, na huku anabebwa anatoa amri. Usukani wa dereva wa mashindano ulikuwa kwenye jiliwa, mbao imeshalainishwa, ngozi imeshakatwa, na dereva alikuwa aje kuuchukua mwisho wa wiki. "Mwambieni asubiri," alisema Mzee. Binti yake wa miaka kumi na mitano alisikia vizuri sana, akajitia hamnazo.

Alishona kwa siku tatu. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwa maneno, ila alikuwa amemtazama baba yake tangu hajui kufunga viatu. Aliilowesha ngozi, akaivuta mpaka vidole vikatoka malengelenge, akatoboa matundu. Hapo ndipo hesabu ilipomponyoka: ukingo mmoja wa ngozi matundu mia mbili na kumi na mawili, ukingo wa pili mia mbili na kumi na matatu. Alilia kidogo. Kisha akapiga moyo konde, akaliruka lile la ziada na kulificha nyuma ya mkono wa chini. Alishona kwa mkono wa kushoto, kwa sababu huo ndio mkono uliokuwa ukimtii.

Baba aliporudi, akitembea kama mtu aliyeficha yai ndani ya shati, alikwenda moja kwa moja dirishani na usukani. Aliugeuza, akaugeuza tena. Binti alisimama mlangoni roho juu.

"Mshono umelala kushoto," alisema baba. "Nitaufumua."

Basi. Kesho yake binti alipotoka shule, jiliwa lilikuwa tupu. "Dereva kauchukua," alisema baba bila kuinua uso. "Nimeushona upya."

Maneno yale yalimkata maini. Tangu siku ile kila akiingia karakana alijifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, akaanza upya kama mtoto mchanga anayejifunza kushika kijiko. Ilimchukua miaka miwili. Baba alimwona na kitambaa chake, hakuuliza; siku mishono yake ilipolala kulia bila kuyumba, alimkabidhi msharasi wake mwenyewe, ule wenye mpini wa pembe. Wakafanya kazi pamoja miaka kumi na tisa mpaka Mzee alipofariki, na habari za usukani ule hazikutajwa tena. Ila binti alibaki na neno moja limemkaa rohoni: kazi yake ya kwanza ilikuwa takataka iliyofumuliwa.

Sasa hiyo takataka ilikuwa imelala mapajani pake, nzima. Umri wake miaka arobaini na mmoja, na haijafumuliwa.

"Alinidanganya," alisema kwa sauti, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. "Mzee mzima, alinidanganya!"

Alichukua kioo cha kukuzia akaanza kuikagua mishono, mmoja baada ya mwingine, kama kawaida yake kabla ya kuvua ngozi. Alihesabu na kuandika. Alipofika mia mbili na tisa, mkono ukasimama. Mitatu ya mwisho, ile iliyo jirani na tundu tupu, haikulala kushoto. Ilikuwa imelala kulia, imebana, imenyooka, na uzi wake ulikuwa mweusi kidogo kuliko mwingine. Mzee Ngozi alikuwa na mazoea ya kuchanganya masizi kwenye nta yake. Mafundi wote walimcheka kwa hilo, na hakuna aliyemuiga.

Hapo akaelewa, na hakuhitaji wa kumwelezea. Baba alikuwa ameanza kufumua kweli, kama alivyosema. Alikata mishono mitatu. Kisha, kwa sababu alikuwa fundi na macho yake yalikuwa mazima, akaona anachokikata. Akaweka kisu chini, akairudishia ile mitatu kwa mkono wake, akafunga uzi na kumwita dereva.

Mama Usukani alikasirika kwanza. Alikasirikia kile kitambaa, ile miaka miwili, na zile jioni alizotoka humu vidole vimevimba. Neno moja tu lingetosha. Kisha hasira ikaingiliwa na furaha, vikagombana, na machozi yakamtoka bila yeye kujua analia kwa ajili ya kipi. Akayafuta kwa aproni yenye gundi, akapata kazi ya kujibandua nusu saa.

Mchana alimsimulia mumewe. Kinyozi alisikiliza hadi mwisho, akasukuma sahani kando.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasema ukweli."

"Ngoja kwanza, Shoto. Ukweli upi? Kwamba Mzee Ngozi alitoa kazi ya mtoto wa shule akaiita yake? Kitabu cha gari kina jina lake. Watu wanalitaja jina hilo kama wanaapa. Wewe ushone kulia, kama alivyotaka mkaguzi, mambo yaishe. Nani ataumia?"

"Marehemu mmoja ataitwa mwongo ili marehemu mwingine abaki msafi."

"Yule si baba yako. Huyu ni baba yako."

Hapo alimpata. Siku mbili zilizofuata Mama Usukani hakuligusa suala hilo, wala usukani. Alishona vitu vya watu wengine. Jina la baba lilikuwa juu ya mlango, limechongwa kwenye kipande cha mbao, na kila alipopita chini yake aliona kama linamtazama. Alikuwa na uwezo wa kulilinda bila jasho. Mkono wake wa kulia ungeumaliza ule mshono huku anapiga mluzi, na hakuna mkaguzi duniani angejua.

Siku ya tatu alichukua sindano kwa mkono wa kushoto, akajaribu kwenye kipande cha ngozi. Mishono kumi ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ya ishirini ilianza kusikilizana. Ilipofika hamsini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, mwepesi, kama mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni, na mwenye mkono akajikuta anatabasamu. Akakata shauri. Alivua ngozi ya zamani taratibu, akiipasua upande usio na mshono, bila kukata uzi hata mmoja, akailaza juu ya ubao na kuibana kwa pini ili kila mshono uonekane.

Jumamosi ya ahadi Daktari na mkaguzi walikuja pamoja. Mkaguzi alikuwa mtu nadhifu wa makamo, mwenye kalamu nne mfukoni na moja tu inayoandika. Kinyozi alikuwa amefunga duka lake mapema. Alisimama pembeni mikono kifuani, uso mkavu.

Mduara wa mbao ulikuwa kwenye jiliwa, umevishwa ngozi mpya yenye unyevunyevu, matundu yametobolewa, lakini haujashonwa hata tundu moja.

"Nilidhani kazi ingekuwa imekwisha," alisema mkaguzi.

"Itakwisha mbele yako. Keti, baba. Usukani huu haukubadilishwa. Ni uleule uliotoka humu ndani miaka arobaini na mmoja iliyopita, na mjomba wa daktari hakusema uongo. Ila aliyeushona si Mzee Ngozi. Ni mimi."

Daktari aliachama, na kwa mara ya kwanza alijua wagonjwa wake walikuwa wanajisikiaje.

"Mama," alisema mkaguzi polepole, "kila mtu anajua wewe unashona kulia. Nimezikagua sukani zako tisa. Nakuheshimu sana. Lakini neno tupu siwezi kuliandika."

"Ndiyo maana sijakuomba uandike. Tazama."

Akashika sindano kwa mkono wa kushoto. Mkaguzi alikuja na kiti chake karibu, kisha akakiacha, akasimama. Mshono wa kwanza ulilala kushoto, wa pili ukalala kushoto, wa kumi pia. Alishona kwa mwendo uleule, hakuharakisha, na baada ya kama saa moja mkaguzi aliweka ule ubao wa ngozi ya zamani kando ya mpya na kulinganisha, jicho huku, jicho kule. Umbali uleule. Mvuto uleule. Hata pale binti wa miaka kumi na mitano alipokuwa na tabia ya kukaza zaidi kila akikaribia mkono wa chuma, mwanamke wa miaka hamsini na sita alikaza vilevile, bila kujijua. Mkaguzi alimwonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Na hapo?" aliuliza. "Tundu hili umeliruka."

"Kwenye ngozi ya zamani nililiruka, na hapa nimeliruka. Nilikosea hesabu, nikiwa mtoto. Mwenye gari anataka usukani wake, si usukani uliokwenda shule ukasahihishwa."

Kinyozi alicheka kwa pua, akajikohoza.

Mkaguzi alifungua daftari lake kubwa, akachukua kalamu ya kwanza, ikagoma, akachukua ya pili. Akaanza kuandika, kisha akainua uso. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kama anayeomba radhi.

"Basi nimfute Mzee Ngozi?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu Jumatatu ile. Mumewe aliangalia mlango, pale juu lilipochongwa jina.

Mama Usukani aliinamia jiliwa. Ilikuwa imebaki mishono mitatu. Akakata uzi, akafungua kikopo kidogo kilichokuwa kwenye rafu ya juu, nta ya baba yake iliyokauka, nyeusi kwa masizi, akaupaka uzi mpya mpaka ukashika rangi. Akautia sindanoni. Kisha akaihamisha sindano kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Angalia mitatu ya mwisho kwenye ngozi ya zamani," alisema.

Mkaguzi aliangalia. Akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia tena. Akamwita Daktari aje aone.

"Imelala kulia," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni yake. Hii nta ni yake."

"Alitaka kuifumua kazi yangu yote. Alifumua mitatu, akashindwa." Akaigusa kwa ncha ya kidole. "Hakuniambia. Ndiyo kwanza nimejua, wiki iliyopita."

Akaishona ile mitatu kwa mkono aliouzoesha kwa ajili ya baba yake, ikalala kulia, imebana, imenyooka. Akafunga fundo. Aliutoa usukani kwenye jiliwa akamkabidhi Daktari, naye akaushika kwa mikono miwili kama aendaye safari, mabega yakamshuka.

"Usimfute mtu," Mama Usukani alimwambia mkaguzi. "Andika mishono mia mbili na kumi na miwili. Mia mbili na tisa ya binti, mitatu ya baba yake."

Mkaguzi akaandika hivyohivyo.